Fundi Aliyeogopa Sahani Yake

Chakula cha jioni kilikuwa tayari. Mama Kasuku alikuwa akipakua wali. Kando yake palikuwa na sufuria ya maharage na bakuli la mboga za majani.

Mumewe alikuja akasimama mlangoni mwa jiko. Hakuingia. Alinyoosha shingo, akatazama ndani ya sufuria ya kwanza, kisha ya pili.

"Mwiko huo umegusa maharage?" aliuliza.

"Hapana. Huu ni wa wali. Wa maharage ni ule pale."

"Una hakika?"

"Baba Kasuku, miko yote miwili iko hapa. Iulize yenyewe kama huniamini."

Mume hakucheka. Alipokea sahani yake ya wali mweupe, bila mchuzi, bila mboga. Akaketi mbali kidogo na wenzake. Kabla ya kula alisogeza wali huku na huku kwa ncha ya kijiko, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mchangani.

Binti yao alimtazama. Alikuwa na miaka kama minane hivi. Walimwita Kasuku kwa sababu kila alichosikia alikirudia, na kila alichoona alikiiga.

Baba yake alikuwa fundi. Alitengeneza redio, feni na pasi katika chumba kimoja kidogo kando ya barabara. Mtaani walimwita Fundi Redio. Sifa yake ilikuwa moja: hakubahatisha. Wateja waliokuwa na haraka aliwaambia, "Kila kipande ni mtuhumiwa mpaka kipimwe." Aling'oa kipande, akakipima, akaendelea na kingine, mpaka akampata mkosaji.

Tumbo lake lilipoanza kumsumbua, alilifanyia vilevile.

Lilianza kwa kujaa gesi. Likawa linanguruma. Halafu akawa anakimbilia choo wakati wa kazi, huku mteja amesimama dirishani. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa maharage. Akayaacha. Alipata nafuu kidogo, kisha tumbo likarudia. Akashuku maziwa, akayaacha. Nafuu kidogo, tumbo likarudia. Yakaondoka mayai. Ukaondoka mkate. Zikafuata kabichi, ndizi, vitunguu na nyama. Bandu bandu huisha gogo. Sasa mezani kwake palibaki wali, chumvi na viazi vya kuchemsha.

Na mwenyewe alibaki ngozi na mifupa. Suruali yake aliifunga kwa waya wa redio, maana mkanda ulikuwa umeishiwa matundu.

*

Siku moja dada yake fundi alikuja kuwatembelea. Alimwona kaka yake akipita uani. Alishika kiuno. Kaka alipotoka kwenda kazini, dada akamgeukia mke wa kaka yake.

"Wifi," alisema, bila hata kukaa, "kaka yangu unamlisha nini?"

"Namlisha anachotaka. Na anachotaka ni wali mkavu."

"Mtu mzima anakataa chakula cha mkewe bure tu? Hapo pana jambo."

"Jambo gani, wifi?"

"Mimi sijasema kitu. Nimesema pana jambo."

Aliondoka bila kunywa chai. Kikombe kilibaki pale pale, kimejaa. Mama Kasuku alikitazama na moyo ukamuuma. Alijua maana ya chai iliyoachwa. Wifi yake alikuwa akimshuku kwamba anamtilia kaka yake kitu kwenye chakula.

Lakini Mama Kasuku naye alikuwa na shaka yake, na ilikuwa inamnyima raha. Alimweleza rafiki yake msusi, ambaye kibanda chake kilitazamana na duka la fundi.

"Mwanamume asiyekula kwake," alisema msusi, "basi anakula kwingine. Mimi nakwambia kama dada yako."

"Kama anakula kwingine, mbona anakonda?"

Msusi alifikiri. "Labda huko kwingine hawajui kupika."

Walicheka, lakini kicheko cha Mama Kasuku hakikufika mbali. Kesho yake, kabla ya saa ya chakula cha mchana, alikuja akaketi kibandani kwa msusi. Alijifunika kitambaa kama mteja. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara.

Mchana ulipofika, fundi alirudisha nusu ya mlango. Mama Kasuku alisogea mbele kwenye kiti. Hakuja mwanamke. Halikuja bakuli lililofunikwa. Fundi aliinamisha kichwa, akaweka paji la uso juu ya meza. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akainuka, akachukua chuma cha kulehemu. Mkono wake ulitetemeka mpaka akalazimika kuushika kwa mkono wa pili. Chuma kiliteleza. Moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye redio ya watu.

"Huyo mwanamke yuko wapi?" msusi alinong'ona.

"Hakuna mwanamke," alisema Mama Kasuku. "Hakuna hata chakula."

Alivuka barabara. Alimkuta mumewe anapuliza kidole kilichoungua. Wakati huohuo alimwona akitia kitu kidogo cheupe mdomoni.

"Unameza dawa gani?"

"Si dawa. Peremende tu, hizi zisizo na sukari. Tangu niache sigara mdomo wangu haukai bure." Kisha akakunja uso. "Wewe umefuata nini huku?"

"Nimepita tu."

"Umepita na kitambaa cha msusi shingoni?"

Mama Kasuku alikivua kile kitambaa. Alikuja kumfumania mume, akakuta njaa.

*

Tangu siku hiyo aliacha kumshuku, akaanza kumwogopea. Na mtu mwenye hofu hufanya mambo ambayo asingeyafanya akiwa na utulivu.

Alichemsha maharage mpaka yakalainika kabisa. Akayaponda, akayachuja, akayachanganya kwenye mchuzi mwepesi wa viazi. Mumewe aliposimama mlangoni na kunyoosha shingo, aliona viazi tu.

"Una hakika ni viazi?"

"Viazi na chumvi."

Fundi alikunywa. Mama Kasuku alifanya hivyo tena kesho yake, na siku zilizofuata. Alijiambia, angalau anapata kitu mwilini. Tumbo la mumewe lilikuwa vilevile, halikuzidi wala halikupungua.

Jioni moja fundi aliacha kutafuna. Alitia vidole mdomoni akatoa kitu kidogo, chembamba kama ukucha. Alikiinua kwenye mwanga, kama anavyoinua kipande cha redio.

"Hili ganda la nini?"

Mkewe alifunika sufuria.

"Mama Kasuku, nakuuliza. Hili ni ganda la nini?"

"Ni la maharage," mkewe alisema. "Ni chakula, Baba Kasuku. Si sumu. Unakwisha, nifanye nini?"

"Nilijua!" Fundi alisukuma bakuli. "Nilisema kuna kitu, mkasema nina wazimu. Kumbe kila siku!"

"Nilitaka upate nguvu."

"Umenificha. Ulinitazama machoni ukasema viazi na chumvi."

Mama Kasuku alilia. Alijua mumewe amekosea juu ya maharage. Lakini juu ya kufichwa hakukosea.

Fundi akaanza kujipikia. Alinunua sufuria yake ndogo. Akishapika, alifunga kifuniko kwa waya, akakaza kwa koleo. Kama mkewe angetaka kutia kitu humo, ingembidi naye awe fundi.

Mezani walikaa watu watatu na hapakuwa na mazungumzo. Dada mtu aliposikia, alisema tu, "Ndiyo niliyosema. Pana jambo."

*

Haukupita muda mrefu, jioni moja Mama Kasuku alikuwa akipakua. Akahisi mtu mlangoni. Alikuwa Kasuku. Amesimama nje ya kizingiti, amenyoosha shingo.

"Mama, mwiko huo umegusa maharage?"

Mama yake alicheka. "Haya, kasuku wangu, njoo ule."

"Una hakika?"

Mtoto alichukua wali mweupe peke yake, akausogeza huku na huku kwa ncha ya kijiko. Mama alidhani ni mchezo wa siku moja. Lakini kesho yake ilikuwa hivyohivyo. Kasuku alikataa maziwa, akakataa yai, akarudisha ndizi. Siku moja mwalimu wake alimleta nyumbani amemshika mkono. Alikuwa ameanguka mstarini asubuhi.

"Hakuja na chochote tumboni," mwalimu alisema. "Nilimpa mkate, akaniuliza nimetia nini."

Fundi aliitwa kutoka dukani. Alikuja mbio, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Tumbo linakuuma, mwanangu?"

"Hapana."

"Basi kwa nini huli?"

"Litauma."

"Nani kakwambia?"

Mtoto alimshangaa, kana kwamba swali lenyewe halina maana. "Wewe, baba."

Fundi alibaki amepiga magoti. Alimshika mtoto mkono, akaona ulivyo mwembamba. Kisha akautazama wake. Akainuka, akamgeukia mkewe.

"Kesho nakwenda kliniki. Na wewe twende, mama. Usije ukasema nimewaficha waliyoniambia."

*

Daktari alimsikiliza, akambonyeza tumbo, akampima damu na choo. Alimuuliza kama anapata homa, kama anaona damu chooni, kama maumivu humwamsha usingizini. Fundi alisema hapana. Majibu yalipotoka daktari aliwaita.

"Sioni vidonda. Minyoo hakuna. Sioni dalili ya ugonjwa mbaya," alisema. "Lakini una upungufu wa damu, na umekonda kupita kiasi. Hilo ni hatari. Nakupeleka kwa mtaalamu wa lishe."

"Anauza nini huyo?"

"Hauzi kitu."

"Mtu asiyeuza kitu anakula nini?"

Daktari alicheka. "Nenda kamuulize mwenyewe."

Mtaalamu wa lishe alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Chumbani mwake mlikuwa na sahani na vikombe vya ukubwa mbalimbali. Mizani ilikuwa pembeni, imefunikwa kwa kitambaa. Hakumwambia fundi aipande. Alimpa kiti.

"Daktari hutafuta ugonjwa," alisema. "Mimi hutazama mtu anakula nini, anakulaje, na mwili wake unakipokeaje. Halafu tunatafuta pamoja namna ya kula inayomfaa. Siuzi unga wala vidonge. Kliniki hunilipa mshahara."

"Na sasa utaniambia nile maharage."

"Sijui bado."

Fundi alimtazama. Watu wote aliokutana nao walikuwa wanajua. Jirani mmoja alijua ni kulogwa. Mchuuzi wa dawa za kienyeji alijua ni uchafu wa utumbo. Huyu wa kwanza alisema hajui. Fundi alivuta kiti mbele kidogo.

Alisimulia yote. Alitaja vyakula alivyoviondoa, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetaja majina ya wezi. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa nini uliondoa kimoja kimoja?" aliuliza.

"Ndivyo ninavyofanya kazini. Redio ikifa, unang'oa kipande, unakipima."

"Ukikuta kipande ni kizima, unakifanyia nini?"

"Nakirudisha mahali pake."

"Na maharage uliyarudisha lini?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Maziwa?" aliuliza mama yule, taratibu. "Mayai?"

"Sikurudisha kitu," fundi alisema.

"Redio ingepiga?"

"Isingepiga. Ingebaki boksi."

"Sikulaumu. Kuondoa chakula kinachoshukiwa ni njia nzuri, hata sisi huitumia. Lakini ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuondoa kwa muda. Nusu ya pili ni kurudisha kidogo kidogo na kutazama. Ukifanya nusu moja tu, kila chakula kinafungwa jela bila kesi kusikilizwa. Ndiyo maana ni vizuri kuifanya na mtu aliyesomea, usije ukaumia."

"Lakini nilipoacha maharage nilipata nafuu!"

"Tumbo la namna hii hupanda na kushuka lenyewe. Ukiacha kitu siku linapotaka kushuka, utasema ni kile kitu. Baadaye likipanda, unashuku kingine."

Hapo Mama Kasuku alishindwa kuvumilia. "Mama, mimi nilimtilia maharage kwa siri. Siku nyingi. Hakuzidiwa."

Fundi aliangalia ukutani. Mtaalamu alivua miwani.

"Hilo ni jambo la kujua," alisema. "Lakini njia haikuwa nzuri, dada yangu. Mtu anayeogopa chakula, ukimficha, unampa sababu ya kuogopa. Usimfiche tena, usimlazimishe, wala usimtanie mezani. Akiuliza kilichomo, mwambie kweli. Imani ikirudi, chakula nacho kitarudi."

Mama Kasuku alimgeukia mumewe. "Nisamehe, Baba Kasuku. Sitarudia."

Fundi alitia mkono katika mfuko wa shati, akatoa kitu, akakitupia mdomoni.

"Hicho ni nini?" mtaalamu aliuliza.

"Hiki? Peremende. Si chakula."

"Kwa siku unakula ngapi?"

"Nani anazihesabu! Tangu asubuhi mpaka nafunga duka. Hazina sukari, mama. Marehemu baba alikuwa na kisukari, kwa hiyo nina hadhari."

Mtaalamu aliomba pakiti. Alivaa miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akamwonyesha.

"Badala ya sukari hutiwa vitu vingine vitamu. Baadhi yake tumbo haliwezi kuvisaga vizuri. Ukila moja au mbili, watu wengi hawaoni shida. Ukimung'unya mchana kutwa, vinavuta maji ndani ya utumbo, na bakteria waliomo tumboni mwa kila mtu huvichachua vikatoa gesi. Tumbo linajaa, linanguruma, unakimbilia choo. Ona, wenyewe wameandika: zikizidi zinaharisha."

Fundi alisoma. Akasoma tena. Uliacha sigara lini, mtaalamu aliuliza, na tumbo lilianza lini? Fundi akajibu, na majibu yalikaribiana sana.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Mama Kasuku alipiga makofi. "Watu tunachungulia masufuria, kumbe mwizi yuko mfukoni mwa shati!"

Fundi alikuwa bado na mashaka. "Nitajuaje kama unasema kweli?"

"Usiniamini," alisema mama yule. "Pima. Acha peremende, na usibadilishe kitu kingine kwanza, isipokuwa ule mara nyingi zaidi hivyo unavyokula sasa, usikae na njaa. Hicho ndicho kipimo, si tiba, kwa hiyo hatutakaa hapo muda mrefu. Daktari atakupa dawa ya kuongeza damu. Halafu njoo. Na mtoto mleteni siku hiyo."

*

Fundi alipima. Aliporudi kliniki tumbo lilikuwa limetulia. Halikujaa, halikumkimbiza.

Mama Kasuku alidhani mambo yamekwisha. Siku hiyohiyo alimpakulia mumewe sahani kamili. Fundi aliitazama. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akairudisha.

"Tumbo limepona," mkewe alisema, "sasa nini tena?"

"Sijui. Najua si maharage. Kichwa kinajua. Mkono haukubali."

Mama Kasuku alitaka kumjibu kwa ukali. Akakumbuka alivyoambiwa. Akampa wali mweupe, akanyamaza.

Walirudi wakamweleza mtaalamu. Hakushangaa.

"Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Mtu akiishi na hofu ya chakula kwa muda mrefu, hofu yenyewe inakuwa ugonjwa. Si ukaidi, wala si kujidekeza. Huwapata wanaume na wanawake, wanene na wembamba. Unatibika, lakini mimi peke yangu sitoshi. Mlango wa pili hapo nje yuko mshauri. Yeye atakusaidia na hofu, mimi na chakula, daktari ataangalia mwili wako usitetereke."

"Kwa hiyo niko na mafundi watatu."

"Redio yako imekaa muda mrefu bila umeme."

Kwa mara ya kwanza fundi alicheka.

Walipanga pamoja. Fundi ndiye aliyechagua aanze na kipi, kutoka kile anachokiogopa kidogo hadi kile anachokiogopa zaidi. Alichagua ndizi. Nusu tu kwanza, siku chache, kisha nzima. Baada ya ndizi, yai. Baada ya yai, mkate. Wakati wa kula alikaa mezani na wenzake, hakukaa pembeni tena. Alikula kwa saa zilezile kila siku, polepole, akitafuna vizuri. Mama Kasuku alifundishwa kuloweka maharage tangu jana yake, kumwaga yale maji, na kuyachemsha kwa maji mengine mpaka yaive vizuri. Hiyo hupunguza gesi kwa mtu yeyote.

Kasuku naye alipimwa. Hakuwa na ugonjwa. Mtaalamu hakumhutubia. Aliwaambia wazazi kando: "Mtoto huyu hatafuata mnayosema. Atafuata mnayofanya. Kuleni naye, msimkemee, na mkiona bado anakataa, mleteni upesi. Msisubiri aanguke."

Haikuwa njia iliyonyooka. Siku ya mkate tumbo la fundi lilinguruma na akaja juu. "Nimempata! Ni mkate!" Alitaka kuuondoa papo hapo. Mkewe alimpeleka kwa mtaalamu.

"Dada," mtaalamu alimwambia Mama Kasuku, "hebu nyamaza kidogo. Fundi, sikiliza."

Walinyamaza wote. Tumbo la Mama Kasuku lilinguruma, taratibu, kama paka.

"Tumbo la kila mtu hunguruma," mtaalamu alisema. "Ni kazi, si hitilafu. Jaribu tena mkate kesho kutwa."

Alijaribu tena. Haukumfanya kitu. Lakini walipofika kwenye vitunguu vibichi, tumbo lilijaa kweli. Wakapumzika, wakajaribu tena, likajaa tena. Fundi alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nilisema!"

"Ulisema vitu vingi," mtaalamu alijibu, "na kimoja ulipatia. Kula vilivyopikwa, vibichi weka kidogo au acha. Kimoja kimetoka, vingine vyote vimerudi."

Sufuria yenye waya ilikatwa waya wake ikawa ya kuchemshia maji ya chai. Mkono wa fundi uliacha kutetemeka, na wateja waliokuwa wamempelekea fundi mwingine redio zao walianza kurudi.

*

Siku moja ya mapumziko dada yake fundi alikuja tena. Alimkuta kaka yake uani, amejaa shati, anamkimbiza Kasuku kwa ndoo ya maji. Alisimama akamtazama muda mrefu.

"Wifi," aliita, "umempa nini?"

"Nimempa mtaalamu wa lishe, wifi."

"Huyo ni dawa gani?"

"Karibu ukae. Leo utakaa, sivyo? Nitakueleza."

Dada alikaa. Alielezwa yote: daktari, mtaalamu, mshauri, maharage ya siri, peremende. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainamisha macho.

"Nilidhani vibaya juu yako," alisema. "Tena sikudhani peke yangu. Nilikwenda nikawaambia watu."

"Najua, wifi. Msusi aliniambia."

"Sasa?"

"Sasa uwaambie na hili. Na ukimwona mtu anakonda, au anachagua chagua chakula kwa hofu, usimwambie pana jambo. Mwambie aende kliniki."

Chakula kilipoiva Mama Kasuku alipakua. Alianza na mgeni, akafuata mumewe, akafuata Kasuku. Wali, maharage, mboga za majani, yai kwa kila mtu. Yeye aliendelea kupangusa meko na kutoa maji ya kunawa. Aliwasikia wakizungumza. Kasuku alikuwa anamwiga mwalimu wake, na shangazi yake anacheka mpaka anakohoa. Fundi alikuja jikoni na sahani yake, akapakua tena. Baadaye akaja tena. Kasuku akamfuata na sahani yake mwenyewe.

Mwishowe Mama Kasuku alikaa chini, apakue chake. Akafunua sufuria ya wali. Mlikuwa na ukoko tu. Akafunua ya maharage. Ilikuwa imekwanguliwa inang'aa.

Tangu mumewe alipoanza kuumwa, alikuwa akipika kipimo kilekile, na kila siku kilibaki.

"Nani kamaliza chakula humu?" alipaza sauti.

Kasuku akajibu kutoka mezani, "Baba."

"Mwongo wewe," alisema fundi, mdomo umejaa. "Tulikuwa wawili."

"Na mimi nile nini?"

"Njoo," alisema fundi. Alisogea akampa nafasi kando yake, akamwekea sahani yake katikati. "Njoo tumalizie hii."

Mama Kasuku aliinuka na ukoko wake mkononi, akaenda akakaa. Alijifanya amekasirika, lakini hakuweza kuzuia tabasamu.

"Kesho," alisema, "naongeza mchele."